Mwaka wa kwanza diploma ya drama: mbona semista nzima nafagia steji tu?

Mtoto wa Arua
Wakuu habari. Nauliza na msinicheke. Nimeingia diploma ya muziki, dansi na drama mwezi wa nane hapa Kampala, chuo sitaji. Kule nyumbani nilikuwa nyota wa shule, kila siku ya wazazi ni mimi, mpaka mjomba akauza ng'ombe wawili juu ya fizi ya chuo. Sasa tuko wiki ya tisa na sijasema hata mstari mmoja mbele ya watu. Kazi yangu nafagia, nabeba viti, nachora chaki sakafuni pahali wale wa mwaka wa pili watasimama, nakunja maleba yao yakiwa na jasho, na juzi nikapewa daftari niandike kila mwigizaji akitembea anatoka wapi anaenda wapi. Mjomba akipiga simu anauliza "umeshaigiza nini?" na mimi nadanganya. Sasa niambieni, haya ni masomo ya kweli ama tumekuwa vibarua wanaolipa ada?

Boda wa Wandegeya
Uliposema steji nikajua ni steji yetu ya bodaboda 😂 na huko pia mgeni anafagia kwanza, mwenyekiti akuangalie mwezi mzima ndio upate abiria. Karibu kazini ssebo.

Mama Maleba
Mwanangu tulia. Mimi nilipita hiyo njia zamani, na sisi mwaka wa kwanza wote tulikuwa nyuma ya pazia. Unajua kwa nini? Mtu akijua taa inawaka saa ngapi na kiti kinaingia na nani, siku akiigiza hasimami gizani kama mbuzi aliyepotea. Nimeona mastaa wa shule wengi kama wewe, sauti kubwa, mikono inapaa, halafu anasimama mbele ya mwenzake anamziba watu hawamuoni. Huyo hakuwahi kukaa pembeni akaangalia. Hilo daftari ulilopewa ndio somo lenyewe, usilichukulie kama adhabu.

Nakawa Boy
@Mama Maleba kwa heshima yote mama, hiyo ni stori ya walimu. Ukweli ni pesa. Chuo kikitaka kuweka mchezo kinahitaji watu wa taa, wa sauti, wa kubeba seti, wa kushona, wa mlangoni. Uwalipe wote? Hakuna. Una wanafunzi 60 wa mwaka wa kwanza wa bure, tena wanakulipa. Hesabu rahisi sana. Mimi niliacha kozi mwaka wa pili, nilikuwa nimeshakuwa fundi wa kupiga rangi bila cheti.

Dada wa Mbale
Nakawa Boy umeacha kwa sababu ya rangi ama kwa sababu ya riteki, mitihani ya kurudia? 👀

Nakawa Boy
Yote mawili. Endelea na maisha yako.

Fundi Taa
Naingia hapa kwa sababu nakula kupitia hiyo "kazi ya kibarua". Darasa letu tulimaliza wengi, wanaoigiza kwa kulipwa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mimi nafunga taa na sauti, kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi), harusi, makanisa, mikutano ya mahoteli, kila wikendi niko barabarani. Na nilijifunzia wapi? Mwaka wa kwanza, nikiwa nalia kama wewe. Siku ya kwanza nilishika balbu ya halojeni kwa vidole vitupu, lekchara karibu anipige. Mafuta ya ngozi yakibaki kwenye kile kioo, taa ikiwaka pale pahali panapata joto zaidi na balbu inapasuka. Unashika na kitambaa ama karatasi safi. Kitu kingine, taa moja ya wati 1000 kwa umeme wetu wa volti 240 inakula ampia 4 na kidogo. Soketi yetu ya kawaida ni ampia 13. Kwa hivyo taa tatu zimefika mwisho, ya nne unachoma fiuzi ama unachoma ukumbi. Kijana anayejua hesabu hii hakosi kazi Kampala. Anayejua kulia jukwaani tu, wako elfu.

Mtoto wa Arua
@Fundi Taa asante kaka, hiyo ya balbu hakuna mtu ametuambia. Tunashika tu.

Fundi Taa
Acheni leo.

Kijana wa Bombo
Nyinyi wote mnasahau kitu kimoja, lugha. Huyu ni mtu wa Arua, Luganda yake najua iko vipi, hata yangu naona haya. Michezo inayojaza watu Kampala ni ya Luganda, tangu enzi za vikundi vya Ebonies, Bakayimbira na Afri-Talent. Mwongozaji akikusikia unatamka jina la mtu wa Masaka kama unaita mtu wa Koboko atakupa ufagio tu. Sisemi ni ubaya wao, nasema ndio hali.

Mtoto wa Arua
Hapana mkuu, mchezo wenyewe ni wa Kiingereza. Na Waganda wa darasa langu nao wanafagia.

Kijana wa Bombo
Kale, nimenyamaza 😅

Mzee wa Kibuli
Vijana, hii si mpya. Makerere kulikuwa na Free Travelling Theatre, alianzisha Byron Kawadwa, wanafunzi walikuwa wanazunguka vijijini na michezo, wenyewe wanabeba, wenyewe wanajenga, wenyewe wanaigiza, jioni wanafunga wanahama. Hakuna aliyesema mimi ni wa kuigiza tu. Kazi ya tamthilia Uganda imezaliwa hivyo, mtu mmoja mikono kumi.

Mwalimu wa Jinja
Mzee shikamoo. Ila narekebisha kidogo, ile alianzisha David Cook wa idara ya Kiingereza, mwaka 1965. Kawadwa ni mtu mwingine, wa michezo ya Luganda, na baadaye alikuwa mkurugenzi wa National Theatre. Lakini hiyo hoja yako ya mikono kumi ni kweli. Wale wanafunzi walizunguka Uganda na Kenya wakati wa likizo, na michezo ilikuwa ya Kiingereza, Luganda, Kiswahili na lugha zingine. Kijana wa Bombo soma hapo, Kiswahili kilikuwa jukwaani Uganda 1965 na leo tunaona kama ni cha askari na cha soko tu.

Mzee wa Kibuli
Marahaba. Nimekubali, uzee. Huyo Kawadwa ndiye aliyeuawa wakati wa Amin.

Mwalimu wa Jinja
Ndio, 1977. Walikuwa wametoka Lagos kwenye lile tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, walipeleka Oluyimba lwa Wankoko, yaani Wimbo wa Jogoo. Kurudi nyumbani akachukuliwa. Sababu, kila mtu ana yake, wengine wanasema mchezo ulionekana unamchokoza mkubwa, wengine wanasema ni fitina za wenzake juu ya safari na pesa.

Mama Maleba
Tusome hapo pia. Mchezo wenye jogoo ndani yake ukamaliza mtu.

Dada wa Mbale
Mmeongea yote hakuna aliyesema la wasichana. Darasani kwetu tulikuwa wasichana 14. Wavulana walipewa taa, sauti, ngazi, kuchora seti. Sisi? Maleba, kufua, kupiga pasi na CHAI. Nimeuliza kwa nini siruhusiwi kupanda ngazi nikaambiwa umevaa sketi. Nikaja na suruali nikaambiwa leo taa zimeshafungwa. Kwa hivyo @Fundi Taa hiyo hesabu yako ya ampia nimeisoma leo hapa kwenye uzi, baada ya diploma nzima. Wengine kufagia kulikuwa mlango wa kazi, kwa wengine ni kufagia tu, hakuna cha zaidi.

Fundi Taa
Dada hapo sina jibu. Ni kweli. Timu yangu yote ni wanaume, sijawahi hata kujiuliza.

Dada wa Mbale
Jiulize basi, na mimi natafuta kazi.

Bagamoyo Kwetu
Habari za jioni jamani, naandika kutoka Tanzania. Sisi chuo chetu cha sanaa kilianza 1981 na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwaka wa kwanza mimi binafsi nilichanganywa na kila kitu, asubuhi ngoma, mchana kuigiza, jioni sarakasi mpaka mgongo unaita mama, na ufundi wa jukwaa humo humo. Kwa hiyo suala la kusubiri mwaka mzima bila kuigiza lilinishangaza aisee. Siwezi kusema la kwetu ni bora, maana nami nilikuwa nafanya kila kitu nusu nusu. Ila mwili ulifunguka.

Mwalimu wa Jinja
Hilo la mwili lina maana hata kwetu. Robert Serumaga na mchezo wake Renga Moi wa 1972, hadithi ya Acholi, pale mwili na ngoma vilisema kuliko maneno. Sasa kijana akisubiri mwaka mzima amekunja mgongo juu ya ufagio, huo mwili utafunguka lini?

Nakawa Boy
HAPO SASA. Mwalimu umesema.

Mama Maleba
Ufagio pia ni mazoezi ya mgongo 😄 haya natania.

Mtoto wa Arua
Nimesoma yote. Niseme kilichonichanganya kabisa, kushoto na kulia. Mwongozaji anasema "peleka kiti kushoto," napeleka kushoto, anapiga kelele. Halafu anasema "panda juu," naangalia juu kuna dari tu. Wiki nzima nilikuwa mjinga wa darasa. Na siku moja akasema "wote kimya, subirini kiu," mimi kwa uungwana wangu nikaenda kumletea maji ya kunywa.

Boda wa Wandegeya
🤣🤣🤣 nimesimamisha pikipiki kucheka. Maji!!

Dada wa Mbale
Banange. Alikunywa?

Mtoto wa Arua
Alikunywa, akasema asante, halafu akanieleza kiu ni ile ishara ya taa ama sauti kuingia. Mpaka leo wananiita Maji.

Mwalimu wa Jinja
Kijana Maji, kushoto ni kushoto kwa mwigizaji akiwa ameangalia watu, si kushoto kwako uliyekaa kwenye viti. Hivyo mwongozaji akisema kushoto, wewe unayemtazama unaona ni kulia. Na kupanda juu ni kwenda nyuma, mbali na watu, kushuka ni kuja karibu nao. Zamani Ulaya majukwaa yalijengwa na mteremko, nyuma juu, mbele chini, ili waliokaa chini waone. Sakafu zikaja kunyooshwa, maneno yakabaki.

Mzee wa Kibuli
Kama pale barabara ya Dewinton, National Theatre ya Obote, sakafu ya viti ndio ina mteremko, si jukwaa.

Mwalimu wa Jinja
Mzee wangu leo unanitafuta 😀 ilifunguliwa 1959, uhuru bado. Obote hakuwa amefika huko.

Mzee wa Kibuli
Mimi nakumbuka niliyoyaona, miaka unajua wewe.

Kijana wa Bombo
Na ile ya kutopiga mluzi ndani ya ukumbi? Mimi nilipiga mluzi siku ya mazoezi nikafukuzwa nje nizunguke jengo mara tatu, nikadhani mwongozaji amerogwa.

Fundi Taa
Wazungu wanasema mafundi wa kamba za juu zamani walikuwa mabaharia, walikuwa wanaitana kwa mluzi kama kwenye meli. Ukipiga wewe ovyo, mtu huko juu anaachia kamba na gunia la mchanga linakutua kichwani.

Mama Maleba
Kwetu mluzi wa usiku unaita nyoka. Hatukuhitaji baharia.

Bagamoyo Kwetu
Na kwetu unaita mashetani. Na sisi tuna mabaharia wenyewe, majahazi yanaonekana hapo, hakuna aliyewahi kuniambia la kamba. Nadhani la kamba limetungwa baadaye ili lionekane lina akili.

Fundi Taa
Iwe nyoka iwe kamba, usipige.

Nakawa Boy
Tumetoka nje ya uzi. Swali la kijana lilikuwa vibarua ama masomo. Mimi nasema ingekuwa masomo, kungekuwa na mtu anamfundisha. Hajui hata balbu haishikwi na vidole, amejifunza hapa kutoka kwa mtu wa harusi! Lekchara yuko wapi? Mwanafunzi anayepewa ufagio bila maneno huyo ni kibarua. Akipewa ufagio na kuambiwa kwa nini, huyo ni mwanafunzi. Mama Maleba nijibu hapo.

Mama Maleba
Hapo umenishika. Mimi alinifundisha mtu aliyekuwa anakaa na sisi mpaka usiku, anaeleza kila msumari. Kama huyu wao anawaachia funguo na kwenda zake, hilo ni lingine.

Asiyejulikana Sana
Mimi ni mwalimu wa kozi kama hizi, mji mwingine, siseme wapi. Niwape upande wetu. Darasa lina watu wengi, ukumbi mmoja tunaugawana na kwaya, na mchezo wa semista una wahusika tisa. TISA. Nikigawa kwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wanaandamana. Nikifanya michezo mifupi ya watu wawili wawili kila mtu aigize, sina saa za kuwaangalia wote. Kwa hiyo ndio, wengine wanafagia kwa sababu ya hekima ya Mama Maleba na wengine wanafagia kwa sababu sina pa kuwaweka. Siku moja moja nami sijui ni yupi ni yupi. Lakini jambo moja sicheki nalo, usalama. Nawaambia habari ya Iroquois Theatre kule Chicago, tarehe 30 Desemba 1903. Ukumbi mpya, umetangazwa hauwezi kuungua. Cheche ya taa ikashika pazia, watu wanakimbilia milango, mingine imefungwa, mingine ina loki ambazo hawajui kuzifungua. Walikufa zaidi ya 600, wengi wanawake na watoto waliokuja mchezo wa mchana. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa kila jioni anazunguka milango yote anaisukuma kwa mkono kuona inafunguka. Anaona ni kazi ya askari wa getini. Mimi naona ndio mtihani.

Dada wa Mbale
Heshima mwalimu. Na huyo anayesukuma milango ni msichana ama mvulana?

Asiyejulikana Sana
Muhula huu ni msichana. Na ngazi wanapanda wote, suruali ziko kwenye stoo ya maleba.

Dada wa Mbale
Ungenifundisha wewe.

Nakawa Boy
Mwalimu asante kwa kukiri hiyo ya "sina pa kuwaweka". Nilisema mimi.

Boda wa Wandegeya
Ulisema pesa wewe, usihamishe goli.

Nakawa Boy
Nafasi ni pesa bana. Ukumbi unajengwa na nini, na maombi?

Kijana wa Bombo
Mimi bado nasema lugha ina mkono wake. Serikali 2022 ilipitisha Kiswahili kiwe lazima shuleni, lakini nitajieni mchezo mmoja wa Kiswahili mlioangalia Kampala mwaka huu na mkalipa tiketi. Nasubiri.

Mzee wa Kibuli
Utasubiri.

Mama Maleba
Fungua uzi wako bana, huu ni wa Maji.

Mtoto wa Arua
Wakuu nimerudi, zimepita wiki mbili na nusu. Mambo mawili. La kwanza, nimemwambia mjomba ukweli. Alinyamaza kwa simu mpaka nikadhani airtaimu imekatika, kisha akasema yeye alipoenda jeshini miezi ya kwanza alipewa jembe si bunduki, na akauliza kama ninakula vizuri. La pili, meneja wa steji wetu amepata malaria siku tatu kabla ya onyesho. Nani ana daftari lenye kila mtu anatoka wapi anaenda wapi? Mimi. Nani amekariri mchezo wote bila kuambiwa? Mimi. Kwa hivyo Alhamisi nilikaa pembeni na earphone kichwani naita kiu za taa na sauti, 47. Unasema "standbai kiu ya kumi na mbili," unasubiri, halafu "go". Na hilo neno go hulisemi kwa kitu kingine chochote, hata mtu akikuuliza tuende chooni usijibu hivyo. Kiu ya 31 nimechelewa, jamaa alikufa kwenye mwanga mweupe, taa nyekundu ikaja ameshaamka kuinama kwa watu. Watu wakapiga makofi wakidhani ni kufufuka.

Fundi Taa
Ya 31 hukuchelewa wewe, mtu wa dima, yule wa kuongeza na kupunguza mwanga, alikuwa anaangalia simu. Nakuhakikishia. Iko kila mara.

Mtoto wa Arua
Alikuwa anaangalia simu 😂 umejuaje

Nakawa Boy
Hongera. Na walikulipa?

Mtoto wa Arua
Soda na chapati mbili.

Nakawa Boy
Sina la kuongeza.

Mama Maleba
Hongera mwanangu. Huo ukumbi mzima ulikuwa unapumua wewe ukisema.

Mtoto wa Arua
Asante mama. Ila bado nataka kuigiza jamani, msidhani nimebadilika. Semista ya pili tunafanya mchezo mfupi wa watu wawili, wa Kiswahili kwa sababu mwenzangu ni wa Busia, na mimi ni mzee wa miaka 70. Bajeti ni sifuri. Kuna mtu Kampala ana kanzu ya zamani, ndefu, isiyo nyeupe sana, ya kuazima wiki moja? Naifua mwenyewe.

Mzee wa Kibuli
Ninayo ya rangi ya maziwa, kola imechakaa kidogo. Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri. Na mkongojo unataka?

Mtoto wa Arua
Nataka mzee wangu.

Dada wa Mbale
Mzee mwangalie anavyotembea kwanza kabla hujampa, vijana wa drama wakiigiza wazee wote wanatetemeka kama wana homa.

Mzee wa Kibuli
Nitamkalisha anitazame nikienda dukani na kurudi. Hiyo ni bure.